Kuchagua Programu za Uzamili wa Takwimu Ukiwa na GPA ya Kawaida: Mwongozo Kamili kwa Waombaji wa Mtwara na Lindi

Mwongozo huu ni wa mtu aliyemaliza shahada ya takwimu, hisabati, uchumi au ualimu wa hisabati, akapata GPA kati ya 2.7 na 3.4, yaani daraja la pili la chini. Sasa yuko Mtwara mjini, Masasi, Newala, Nachingwea au Lindi, anafundisha, anafanya kazi halmashauri au bado anatafuta ajira. Anatamani uzamili wa takwimu, lakini kila tovuti anayofungua inamwambia habari za daraja la pili la juu, na anaifunga kabla hajafika chini ya ukurasa.

Msimamo wangu ni kwamba orodha ya vyuo inaanzia kwenye transkripti yako. Wengi huanza na majina makubwa, wakalipa ada za maombi, wakasubiri miezi mitano, kisha wakajibiwa kwamba hawana kozi fulani ya hisabati. Jambo hilo lilikuwa limeandikwa kwenye ukurasa wa masharti tangu mwanzo. Anza na kile ulichonacho mkononi, halafu tafuta mlango unaolingana nacho.

Hatua ya 1: Isome transkripti yako kama kamati ya udahili itakavyoisoma

GPA ya jumla ni wastani wa kila kitu: stadi za mawasiliano, masomo ya maendeleo, mbinu za kufundishia, mazoezi ya kufundisha na kozi za hesabu zenyewe. Kamati ya programu ya takwimu inaangalia kwanza kama umevuka kiwango cha chini. Baada ya hapo macho yake yanakwenda kwenye kozi chache: kalkulasi, aljebra ya matriki, nadharia ya uwezekano, takwimu ya makisio, regresheni, na kama ipo, uchambuzi halisi wa kihisabati. Kwa hiyo chukua karatasi ukokotoe GPA ya kozi hizo peke yake.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa hisabati mwenye GPA ya jumla 3.1, na tuseme kozi zake zote zina uzito sawa. Mwaka wa kwanza alipata C katika kalkulasi, B katika aljebra ya matriki na B katika misingi ya takwimu. Mwaka wa pili alipata B katika uwezekano na B katika kalkulasi ya vigeu vingi. Mwaka wa tatu alipata B+ katika makisio, A katika regresheni na B+ katika mbinu za sampuli. Kwa mfumo wa A kuwa 5, B+ kuwa 4, B kuwa 3 na C kuwa 2, jumla ni 27. Gawanya kwa kozi nane, unapata 3.375. Kozi tatu za mwaka wa mwisho peke yake zina 13 gawanya kwa 3, yaani 4.3.

Huyu mtu ana hadithi mbili kwenye karatasi moja. Ya kwanza ni ya 3.1 tu. Ya pili ni ya mwanafunzi aliyeanza kwa kusuasua akamaliza akiwa imara kwenye kozi zile zile ambazo uzamili utajengwa juu yake. Hadithi ya pili ni ya kweli na ina ushahidi, na ndiyo atakayoipeleka mbele. Kama kozi zako nyingi zina uzito tofauti, zidisha kila pointi kwa krediti zake kabla ya kujumlisha. Usiache hatua hiyo, maana kamati nyingine zitakagua hesabu yako.

Kisha andika mapengo bila kujionea huruma. Una kozi ngapi za kalkulasi? Uliwahi kusoma uwezekano kwa nadharia, au uliupitia kama mada ndogo ndani ya kozi ya biashara? Kuna programu yoyote ya kompyuta uliyoitumia kuchambua data? Uliingia sapu au kukeri kozi gani? Sapu ya kozi ya ujumla haina uzito mkubwa. Sapu ya uwezekano au makisio inahitaji jibu, nami nitaigusa tena mbele.

Hatua ya 2: Jua GPA yako inasomekaje sehemu mbalimbali

Hapa nchini mambo ni rahisi. Vyuo vingi huweka kiwango cha chini cha kuingia uzamili kuwa daraja la pili la chini, GPA 2.7. Aliye chini ya hapo mara nyingi hupitia stashahada ya uzamili kwanza, akafanya vizuri, ndipo akaomba. Hiyo ni njia halali kabisa, na mwaka mmoja wa stashahada yenye alama nzuri unafuta mengi.

Ujerumani mambo yamegeuka: 1.0 ndiyo alama ya juu kabisa na 4.0 ndiyo ya chini ya kufaulu. Vyuo vingi hutumia kanuni ya Bavaria iliyorekebishwa. Unachukua alama ya juu kabisa ya mfumo wako, unatoa alama yako, unagawanya kwa tofauti kati ya alama ya juu na alama ya chini ya kufaulu, unazidisha kwa 3, kisha unaongeza 1. Kwa mfumo wetu wa 5.0 kwenda 2.0, kanuni yote inajikunja na kuwa hesabu ya kichwani: toa GPA yako kwenye 6. Mwenye 3.1 anapata 2.9, na mwenye 3.5 anapata 2.5. Programu inayotaka 2.5 imekwisha kumkatalia mwenye 3.1 kabla hajajaza fomu, na fedha yake iende kwingine. Programu inayosema 3.0 iko wazi kwake.

Ulaya wanahesabu pia ukubwa wa kozi. Mwaka mmoja wa masomo Tanzania ni krediti 120, kule ni 60. Kwa hiyo gawanya krediti zako kwa 2. Ukiona programu inataka krediti 30 za hisabati na takwimu kwa hesabu ya Ulaya, wewe unatafuta 60 kwenye transkripti yako. Hii hesabu ndogo huokoa muda kuliko ushauri wowote wa vikundi vya WhatsApp.

Kwa Marekani, usijigeuzie GPA kwa kugawanya kwa 5 na kuzidisha kwa 4. Mwenye 3.1 atajipatia 2.48 na kukata tamaa bure, ilhali watathmini wa vyeti huko hutazama alama ya kila kozi na maana yake katika nchi ilikotoka. Fomu ikikuruhusu kuandika GPA kwa mfumo wako wa asili, iandike hivyo: 3.1 kati ya 5.0. Kiwango kinachotajwa na vyuo vingi vya huko ni 3.0 kwa mfumo wao wa 4.0, na kamati zina uhuru wa kumchukua aliye chini kidogo akiwa na nguvu mahali pengine.

Afrika Kusini kuna jambo ambalo watu wengi hulikuta wakiwa wamekwisha kutuma maombi. Uzamili wao unajengwa juu ya mwaka wa Honasi, ambao ni mwaka wa nne baada ya shahada ya miaka mitatu. Mwenye shahada yetu ya miaka mitatu kwa kawaida huelekezwa kuanza na Honasi. Kama bajeti yako inatosha mwaka mmoja tu wa ziada, jua hilo mapema.

Hatua ya 3: Chagua tawi kabla ya chuo

Uzamili wa takwimu una sura nyingi. Kuna takwimu ya nadharia, inayohitaji hisabati nzito. Kuna takwimu rasmi, inayohusu sensa, tafiti za kaya na bei. Kuna takwimu za kilimo, takwimu za afya, demografia na sayansi ya data. Kwa mwenye rekodi ya kawaida, tawi ndilo linaloamua nafasi yake zaidi ya jina la chuo.

Kama alama zako za kalkulasi na uwezekano ni dhaifu lakini regresheni na sampuli ziko vizuri, programu ya takwimu rasmi, ya kilimo au ya afya inakufaa kuliko ile ya nadharia. Usidhani hizo ni programu za daraja la pili. Huku kwetu ndiko ziliko kazi. Mtwara iko miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, na data zake zinaingia kwenye mfumo wa taarifa za afya kila mwezi. Kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, TARI Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, ndicho kinachoongoza utafiti wa korosho kitaifa, na jaribio la shambani bila mtu anayejua kupanga vitalu na kuchambua tofauti zake ni kazi bure. Bodi ya Korosho yenyewe ina makao makuu Mtwara.

Ila kama ndoto yako ni uzamivu wa takwimu, kufundisha chuo kikuu na kuandika nadharia, basi usikimbie hisabati. Chagua programu yenye makisio na uwezekano wa kina hata kama itakubidi uanze na mwaka wa maandalizi.

Hatua ya 4: Milango yenyewe

Nyumbani, mlango wa kwanza ninaomwambia mtu autazame ni Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika, EASTC, kilichopo Changanyikeni, Dar es Salaam. Kilianzishwa mwaka 1961 na kinahudumia nchi kadhaa za Kiafrika zinazotumia Kiingereza. Kina uzamili wa takwimu rasmi na wa takwimu za kilimo. Kwa afisa takwimu wa halmashauri au mwalimu anayetaka kuhamia fani hii, masomo yake yanaendana moja kwa moja na kazi za ofisi za takwimu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya takwimu inayotoa uzamili, na hiyo inampa mtu msingi mpana zaidi. Moshi, kwenye chuo kikuu cha tiba cha KCMC, kuna uzamili wa epidemiolojia na takwimu za afya. Aliyewahi kufanya kazi na data za hospitali auangalie kwa makini. Arusha, Taasisi ya Nelson Mandela ina hisabati tumizi na sayansi ya ukokotoaji, inayomfaa mwenye hisabati nzuri kuliko takwimu.

Ukivuka mpaka, Makerere ina Shule ya Takwimu na Mipango yenye uzamili wa takwimu wa miaka mingi. Waulize kwa barua pepe ada ya mwanafunzi wa Afrika Mashariki kabla hujalipa chochote.

Halafu kuna AIMS, Taasisi ya Kiafrika ya Sayansi za Hisabati, iliyoanza Muizenberg, Afrika Kusini, mwaka 2003 na baadaye kufungua vituo katika nchi nyingine, zikiwemo Senegali, Ghana, Kameruni na Rwanda. Uzamili wake ni wa takriban mwaka mmoja, wanafunzi wanaishi chuoni, na anayechaguliwa hupata ufadhili wa masomo, malazi na chakula. Ushindani ni mkubwa, lakini ninaiweka kwenye orodha ya mtu wa GPA ya kawaida kwa sababu wanasoma sana alama za hisabati, barua za walimu na maelezo ya mwombaji mwenyewe. Mtu wa mfano wetu, mwenye 4.3 mwaka wa mwisho, ana haki ya kujaribu. Chuo Kikuu cha Umoja wa Afrika nacho kina taasisi yake Juja, Kenya, ndani ya Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, JKUAT, yenye uzamili wa hisabati wa mkondo wa takwimu na ufadhili wa Umoja wa Afrika. Huko walio karibu na 3.5 ndio wenye pumzi. Uweke kwenye milango migumu.

Ulaya, chuo ninachokitaja mara nyingi zaidi ni Hasselt, Ubelgiji. Uzamili wake wa takwimu na sayansi ya data una mkondo wa takwimu za afya, na unaweza kusomwa kwa masafa pia. Kwa miaka mingi shirika la VLIR-UOS la huko Flanders limefadhili wanafunzi wa nchi zinazoendelea, Watanzania wakiwemo, kwenye programu hiyo. Nafasi za ufadhili ni chache mno. Kukubaliwa kusoma na kufadhiliwa ni mambo mawili tofauti, na wengi hupata la kwanza bila la pili. Hata hivyo mkondo wa masafa unampa mwajiriwa wa Lindi uwezo wa kusoma bila kuacha kazi, mradi intaneti yake ivumilie na ada iweze kulipika.

Ujerumani, Dortmund kina kitivo kizima cha takwimu, na Göttingen, Bielefeld, Berlin na Munich zina programu za fani hii. Vyuo vingi vya umma huko havitozi ada ya masomo. Ila jimbo la Baden-Württemberg linatoza euro 1,500 kwa muhula kwa wasiotoka Umoja wa Ulaya, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich kimeanza kuwatoza pia. Hakikisha lugha ya kufundishia ya kila programu, na rudi kwenye hesabu yako ya 6 toa GPA kabla ya kufurahi.

Marekani nitapita haraka. Uzamili wa takwimu kule mara nyingi ni wa kujilipia. Fedha nyingi za kusaidia wanafunzi ziko kwenye uzamivu. Idara ndogo za vyuo vya majimbo wakati mwingine humpa mwanafunzi wa uzamili kazi ya kufundisha na kumsamehe ada. Hizo ndizo za kutafuta, zisizo na majina makubwa. Uingereza, ufadhili wa Chevening unataka uzoefu wa kazi wa saa 2,800 na kwa kawaida shahada inayolingana na daraja la pili la juu la kwao, kwa hiyo mwenye 3.0 asiuwekee matumaini yake yote.

Hatua ya 5: Orodha yenyewe

Panga programu saba au nane. Mbili ziwe ngumu, unazoziomba kwa sababu zikikubali maisha yatabadilika. Tatu ziwe za saizi yako, ambapo unavuka kila sharti lililoandikwa. Mbili au tatu ziwe za uhakika, ambapo unavuka masharti kwa nafasi kubwa na unaweza kulipa. Neno la mwisho hilo ni zito. Programu itakayokukubali lakini huwezi kuilipia haina uhakika wowote, hata ikiwa mlango wa jirani.

Kwa kila moja andika kwenye daftari: sharti la GPA kama lilivyoandikwa, kozi za lazima ambazo huna, ada kwa mwaka, ada ya maombi, tarehe ya mwisho, na mahali wahitimu wake wanapofanya kazi. Kama ukurasa haujibu, mwandikie mratibu wa programu swali moja lililo wazi: eleza shahada yako, taja kozi zako tano za hisabati na alama zake, uliza kama mtu mwenye msingi huo huzingatiwa. Mratibu akikujibu kwamba hapana, amekuokolea fedha. Akikujibu kwamba ndiyo, ihifadhi barua hiyo.

Jihadhari na mawakala wanaozunguka na mabango ya kusoma nje. Wakala analipwa na vyuo fulani, kwa hiyo atakupeleka huko, viwe vinakufaa au la. Hakuna fomu ya uzamili wa takwimu iliyo ngumu kiasi cha kumlipa mtu akujazie.

Hatua ya 6: Fedha na kalenda ya huku kusini

Minada ya korosho kwa kawaida huanza Oktoba, na fedha za stakabadhi ghalani huingia kwenye akaunti za wakulima wakati ule ule ambapo madirisha mengi ya maombi ya nje yako wazi, kati ya Oktoba na Februari. Familia inayokusaidia ikiwa mwanachama wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, zungumza nayo mapema, Agosti, kabla fedha hazijapangiwa ada za wadogo zako na bati za nyumba. Wape hesabu kamili, wazee huheshimu karatasi yenye tarakimu.

Hesabu yenyewe huwa hivi. Ujerumani, maombi yanayopitia uni-assist, ofisi inayopokea maombi ya wageni kwa niaba ya vyuo vingi, hugharimu euro 75 kwa chuo cha kwanza na 30 kwa kila kinachofuata katika muhula huo, kwa hiyo vyuo vitatu ni euro 135. GRE, mtihani wa kuingia masomo ya uzamili kwa programu za Marekani zinazoutaka, ni dola 220. Nyingi zimeacha kuulazimisha, na mwenye GPA ya kawaida anaweza kuutumia kuonyesha nguvu ya hesabu akiwa na uhakika wa alama nzuri. Pasipoti ni shilingi 150,000. Kwa viza ya mwanafunzi ya Ujerumani, asiye na ufadhili anatakiwa kuonyesha akaunti iliyozuiwa yenye fedha za mwaka mzima, na kiwango cha tangu Septemba 2024 ni euro 11,904. Hapo ndipo safari nyingi zisizo na ada ya masomo hukwama. Ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wanataaluma, kwa upande wake, hutaka shahada yako isizidi miaka sita tangu uhitimu, kwa hiyo kusubiri sana nako kuna gharama.

Mtihani wa Kiingereza ulipie tu pale unapolazimishwa. Vyuo vingi hukubali barua ya chuo chako inayosema ulifundishwa kwa Kiingereza. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 560, na safari ya mtihani ambao hukuhitaji inaumiza.

Hatua ya 7: Ziba pengo kabla dirisha halijafunguka

Hapa ndipo mwenye GPA ya 3.1 anaposhinda au kushindwa. GPA haibadiliki tena, lakini kinachoisindikiza kinabadilika.

Kwanza, jifunze R, programu ya kompyuta ya kuchambua data. Ni bure, inakaa kwenye kompyuta ya kawaida, na ukishaipakua unaweza kufanya kazi siku nzima bila bando. Ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman huko Auckland kwa ajili ya kufundishia takwimu, ndiyo maana inamfaa sana anayejifunza.

Pili, fanya mradi mmoja wa kweli na uumalize. Data za Utafiti wa Jopo wa Kaya wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ulioanza 2008/09, zinapatikana kwa kujisajili na kueleza matumizi. Chukua swali dogo kuhusu wakulima: je, kaya zinazouza mazao ya biashara hutumia fedha tofauti kwenye elimu? Ukishaanza utakutana na jambo zuri. Sampuli ya utafiti huo haikupangwa kutoa makadirio ya mkoa mmoja mmoja, kwa hiyo huwezi kuchuja kaya za Mtwara peke yake ukatangaza wastani wa mkoa. Mwombaji anayeandika kwenye maelezo yake kwamba aligundua hilo, akapanua swali kufikia vijiji vya Tanzania Bara na kutumia uzito wa sampuli, ameonyesha uelewa ambao alama B ya mwaka wa pili haikuuonyesha. Mradi wa kurasa nane uliokamilika unatosha.

Tatu, tafuta kazi inayogusa data hata kama ni ya kujitolea. Waliokuwa makarani wa sensa ya 2022 waiandike kwa undani: kusimamia dodoso kwenye kishikwambi, kurudi kaya ambayo haikupatikana, kusahihisha majibu yanayopingana. Huo ni uzoefu wa takwimu. Andikia Naliendele, ofisi ya takwimu ya mkoa, Hospitali ya Rufaa ya Ligula au ya Sokoine kule Lindi, ukisema unaweza kufanya nini kwa miezi mitatu. Data za wagonjwa usiziguse bila kibali cha maandishi.

Nne, kama huna kabisa kozi ya uwezekano au aljebra ya matriki, isome upya mahali penye cheti na alama. Kozi moja yenye A baada ya shahada inajibu ile sapu ya zamani vizuri kuliko aya nzima ya maelezo.

Hatua ya 8: Barua za walimu na maelezo yako

Barua ya mhadhiri anayekukumbuka inashinda barua ya profesa mwenye cheo asiyekujua. Mtafute aliyekufundisha kozi uliyofanya vizuri au aliyesimamia mradi wako. Usimwombe kwa ujumbe wa maneno mawili. Unaweza kumwandikia hivi:

"Shikamoo Dokta. Nilisoma kwako Regresheni mwaka wa tatu, 2021/22, nikapata A, na ulisimamia mradi wangu wa bei za ufuta. Kwa sasa nafundisha hisabati Nachingwea. Naomba barua ya mapendekezo kwa programu mbili za uzamili wa takwimu; ya kwanza inafunga tarehe 15 Januari. Nimeambatisha transkripti, wasifu wangu na ripoti ya mradi. Endapo ratiba yako haitaruhusu, nitashukuru kujulishwa mapema. Ahsante sana."

Mpe wiki sita. Mkumbushe mara moja kwa heshima zikibaki wiki mbili. Mwombe, bila aibu, ataje jinsi ulivyopanda kutoka mwaka wa kwanza hadi wa tatu, kwa kuwa yeye aliliona na kamati haikuliona.

Kwenye maelezo yako, GPA ipewe sentensi mbili tu, katikati, kamwe isiwe mwanzoni. Kwa mfano: "Mwaka wa kwanza nilipata C katika kalkulasi. Kozi zangu tatu za takwimu za mwaka wa tatu zina wastani wa 4.3, na baada ya kuhitimu nimekamilisha uchambuzi ulioambatishwa." Kama kulikuwa na ugonjwa, msiba au kuchelewa kwa ada, taja mara moja na uendelee. Nafasi iliyobaki eleza swali unalotaka kulisomea na kozi za programu hiyo zitakazokusaidia, kwa majina yake. Maelezo yanayoweza kutumwa chuo chochote hayamsaidii mtu wa 3.1.

Hatua ya 9: Karatasi, halafu majibu

Omba transkripti rasmi mapema, nakala zaidi ya moja. Majina kwenye cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha shahada na NIDA yafanane. Yakitofautiana, anza kushughulikia kiapo kwa mwanasheria sasa. Nakala zithibitishwe kwa muhuri wa wakili, zote kwa siku moja. Mtumishi wa umma aombe ruhusa ya masomo kwa mwajiri kabla ya kukubali nafasi, kwa sababu barua ya udahili peke yake haikulindii ajira.

Majibu yakija, yasome polepole. Udahili wenye masharti bado ni udahili: labda wanataka kozi ya maandalizi au cheti cha asili. Ukikubaliwa bila ufadhili, andika kuuliza kama nafasi inaweza kuahirishwa mwaka mmoja, na utumie mwaka huo kuomba ufadhili ukiwa na barua mkononi. Kwa chuo cha nje, hakikisha na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, kwamba kinatambulika na uombe cheti chao cha kutokuwa na pingamizi kabla ya kulipa amana yoyote. Ukirudi, shahada yako itapitia kwao kwa ajili ya kutambuliwa.

Ukikataliwa, mwandikie mratibu kwa ufupi kumuuliza ni kozi au sharti gani lilipungua. Baadhi hawajibu. Anayejibu hutaja kitu mahususi, mara nyingi uwezekano au aljebra, nacho kiandike kwenye daftari lile lile chini ya jina la chuo, pamoja na tarehe ambayo dirisha lao litafunguka tena.